Kutoka kadi ya ghala hadi simu ya mgeni

*Swali: Ninafanya kazi katika jumba dogo la makumbusho hapa Lubumbashi. Tuna kanzidata ya vitu kama 2,300, tuliyoijaza polepole kutoka kwenye kadi za zamani za Kifaransa. Mwakani tunafungua maonyesho kuhusu shaba, vitu 64, na mkuu wetu anataka yaonekane mtandaoni siku hiyo hiyo. Kijana anayetutengenezea tovuti anasema tumpe nenosiri la kanzidata, ataiunganisha na kila kitu kitajitokeza chenyewe. Mwenzangu wa ghala amekataa kabisa, anasema tutawavutia wezi. Mimi nimeanza kunakili kwa mkono. Nimefika kitu cha 19, na tayari kuna makosa mawili niliyoyasahihisha upande mmoja tu. Tufanye nini? Na je, maandishi yaliyomo kwenye kanzidata yanatosha kuwa maelezo ya maonyesho?*

Ndugu yangu, kwanza acha kunakili. Vile 19 ulivyomaliza viache vilivyo, ila cha 20 usikiguse mpaka umesoma jibu hili. Sababu umekwisha kuiona kwa macho yako: makosa mawili katika vitu 19, na maonyesho hayajafunguliwa bado. Habari ikiandikwa mahali pawili, haipiti muda mrefu kabla hazijaanza kupingana, na mgeni hana njia ya kujua aamini ipi.

Hilo nililipata mwenyewe. Katika jumba moja nililofanyia kazi tulinakili kwa mkono maelezo ya vigoda na viti vya machifu, tukayaweka kwenye tovuti, tukafurahi. Kisha akaja mzee mmoja na wajukuu wake. Akasimama mbele ya kigoda, akatuambia kwamba hakikutoka kijiji kilichoandikwa, kilitoka kwa wajomba zake ng'ambo ya Lualaba, na akataja aliyekichonga. Tulimkalisha, tukamsikiliza, tukaandika, na jioni ile ile kanzidata ikasahihishwa. Tovuti hakuna aliyeikumbuka. Zaidi ya mwaka baadaye mmoja wa wale wajukuu alinionyesha simu yake: kigoda kilikuwa bado kwenye kijiji kile kile cha zamani. Akaniuliza kwa upole kwa nini tulimchosha babu yake bure. Sikuwa na la kumjibu, na tangu siku hiyo sijakubali tena habari ya kitu kimoja iandikwe mara mbili.

Sasa nikutazame ofisini kwenu. Watu watatu uliowataja kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Mkuu wenu ana haki kutaka watu wa mitaa ya mji wetu, Katuba, Kenya na Ruashi, ambao hawatapata nauli ya kuja mjini waone vitu vyao kwenye simu. Kijana wa tovuti ana haki kusema habari iandikwe mara moja tu. Na mwenzako wa ghala ana haki kabisa kusema kwamba kuna mambo yasiyotoka nje. Kosa liko kwenye njia aliyopendekeza kijana, na ili uone kosa hilo inabidi tufungue kanzidata yenyewe tutazame ndani.

Wengi hudhani kanzidata ni daftari moja refu. Kwa kweli ni madaftari kadhaa yanayoitana kwa namba: daftari la vitu, la watu, la mahali, la picha, la matengenezo, la mikopo. Jina la mtu aliyetoa vitu 12 linaandikwa mara moja kwenye daftari la watu, na vitu vyote 12 vinaelekeza pale. Akihama nyumba, unabadilisha anwani mara moja. Nguvu ya kanzidata ni hiyo, na hatari yake inatoka hapo hapo, maana mwenye ufunguo wa daftari moja mara nyingi anao wa yote. Tovuti ikishika nenosiri hilo, anayeivunja tovuti ameingia moja kwa moja kwenye ghala lenu la habari. Tovuti ndogo huvunjwa mara nyingi bila mtu kuwa na kinyongo nazo: kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta milango iliyoachwa bila kufanyiwa marekebisho. Kama nenosiri mlilompa linaruhusu pia kuandika, anaweza hata kufuta. Kuna na jambo dogo la kila siku: kama kanzidata iko kwenye kompyuta ya ofisini, umeme ukikatika tovuti nayo inanyamaza.

Basi kanzidata ibaki ndani, na kijana apewe nakala iliyochujwa. Habari itoke upande mmoja tu, kutoka kwenu kwenda nje, isirudi. Kosa likionekana kwenye tovuti, halisahihishwi kwenye tovuti. Linasahihishwa kwenye kanzidata, na nakala mpya inatoka. Sheria hiyo ni ngumu wiki mbili za kwanza, kwa sababu mkono unawasha kurekebisha pale pale ulipoona kosa. Ishikeni.

Ili uone chujio linavyofanya kazi, chukua kadi moja. Tuseme ni ya msalaba wa shaba, ule ambao kadi za zamani huuita *croisette*. Namba ya usajili, 74.18.6. Jina, croisette. Shaba ya kumimina. Vipimo, sm 21 kwa 17. Uzito, gramu 760. Mahali ulipo: chumba B, rafu ya 4, sanduku la 12. Aliyeutoa: jina kamili, barabara, namba ya simu. Bima: kiasi fulani cha dola. Hali: ufa mdogo mkono wa kushoto, unga wa kijani unatoka, utazamwe tena. Maoni, kwa mwandiko wa mtu aliyestaafu zamani: "mtoaji anasema babu yake aliuchimbua karibu na ziwa, kaburini? hakuna karatasi."

Soma kadi hiyo tena ukijiweka mahali pa watu mbalimbali. Mgeni anahitaji namba, jina, kitu ulichotengenezwa nacho, vipimo, uzito, eneo kwa upana na picha. Mwizi angefurahia chumba, rafu, sanduku na bima. Jirani mwenye maneno angefurahia jina na simu ya mtoaji. Mchimbaji wa makaburi angefurahia neno "ziwa" kama lingekuwa na jina mbele yake. Na mtoaji mwenyewe angeumia kusoma kwamba mtu fulani ofisini aliweka alama ya kuuliza mbele ya maneno ya babu yake. Yote hayo ni kadi moja, na ofisini inabidi yote yawemo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la ndani linafaa liwe kamili hivyo.

Kwa hiyo ongezeni vitu viwili kwenye daftari la vitu. Cha kwanza ni kisanduku cha ndiyo au hapana: je, kitu hiki kinaruhusiwa kuonekana hadharani? Kila kitu kianze na hapana. Mtu mmoja mwenye jina, pengine mwenzako wa ghala, ndiye anayegeuza kuwa ndiyo baada ya kusoma kadi nzima. Ukimpa yeye ufunguo huo, utaona jinsi hofu yake inavyogeuka kuwa uangalifu. Cha pili ni orodha ya sehemu za kadi zinazoruhusiwa kutoka. Andikeni zinazotoka, msiandike zinazozuiwa. Tofauti hiyo ni kubwa: siku mtu akiongeza sehemu mpya kwenye kanzidata, kwa mfano "mazungumzo na familia", haitatoka kwa bahati mbaya, kwa sababu haimo kwenye orodha.

Kisha mnatoa faili. Karibu kila programu ya kanzidata inaweza kutoa faili la CSV, yaani maandishi matupu ambamo kila kitu ni mstari mmoja na kila sehemu imetengwa kwa alama ndogo. Kijana wenu analipokea, programu yake inalisoma na kutengeneza kurasa. Linatoka kila wiki, au kila usiku kama mna mtu wa kulipanga lijitume. Kwa vitu 64, mara moja kwa wiki inatosha.

Hapa kuna mitego ambayo imenichosha miaka mingi, na yote inatokana na sisi kuwa watu wa kadi za Kifaransa. Sisi tunaandika sentimita saba na nusu hivi: 7,5. Lakini katika mafaili mengi ya CSV alama inayotenga sehemu ni mkato huo huo. Programu ikifika hapo inadhani 7 ni sehemu moja na 5 ni nyingine, na kuanzia hapo kila kitu kinasogea hatua moja kulia: uzito unaingia mahali pa jina la eneo, eneo linaingia mahali pa picha. Toeni faili kwa nuktamkato, au hakikisheni kila sehemu imefungwa ndani ya alama za kunukuu. Mtego wa pili ni herufi zenye alama juu. Ukiona neno *Musée* limegeuka kuwa *MusÃ©e*, faili limeandikwa kwa usimbaji, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi, unaoitwa UTF-8, likasomwa kwa mwingine. Waambie wote wawili, anayetoa na anayepokea, watumie UTF-8. Mtego wa tatu ni kufungua faili kwenye programu ya lahajedwali, kama Excel, "kutazama tu" kisha ukabonyeza hifadhi. Namba 0045 inarudi 45, na namba iliyoandikwa 3-10 inageuka kuwa tarehe tatu mwezi wa kumi. Namba ya usajili ndiyo uti wa mgongo wa kazi yetu yote. Ikibadilika tarakimu moja, picha ya msalaba inakaa juu ya habari za bangili.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Hapana, maandishi ya kanzidata hayatoshi kuwa maelezo ya maonyesho. Kadi iliandikwa ili mtunzaji akitambue kitu kati ya vingine 2,300. Maelezo ya maonyesho yanamsemesha mtu aliyesimama mbele ya kitu kimoja na kujiuliza kina nini naye. Ukimpa "croisette, shaba ya kumimina, sm 21 × 17, ufa" atapita. Mwambie badala yake kwamba misalaba hii ilimiminwa katika nchi hii karne nyingi kabla ya mgodi wa kampuni yoyote, kwamba ilikuwa mali ya biashara na ya mahari, kwamba Katanga ilipojitangaza nchi mwaka 1960 iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake, na kwamba mwaka 1961 msalaba ukaingia kwenye sarafu zake. Hapo mama aliyeona sarafu hiyo kwa bibi yake atasimama.

Maelezo hayo yaandikeni ndani ya kanzidata pia, ila kwenye daftari lake: daftari la maonyesho. Kila mstari uwe na jina la maonyesho, namba ya kitu, lugha na maandishi. Mkifanya hivyo, msalaba huo huo unaweza kuwa na maelezo mengine mwaka mwingine kwenye maonyesho ya ndoa na mahari, na kadi yake haikuguswa. Unaweza kuwa na maelezo ya Kiswahili, ya Kifaransa, na ya Kisanga au Kiluba mkipata mwandishi mzuri. Na kwa Kiswahili, nakuomba kitu kimoja: andikeni kwanza kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kifuate. Mji huu umejiandikia historia yake kwa Kiswahili tangu zamani. Mwaka 1965 André Yav, pamoja na wenzake waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani, alitoa historia ya Elisabethville, ndilo jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha hapa hapa. Maelezo yanayotafsiriwa kutoka kwenye kadi ya Kifaransa huja yakiwa yamepinda, na msomaji analijua hilo kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

Lakini usidharau zile namba kavu za kadi. Wanaakiolojia waliochimba katika bonde la Upemba, kuanzia Sanga miaka ya 1950 hadi kazi ndefu ya Pierre de Maret, waliona jambo kwenye makaburi ya kale. Katika yale ya zamani zaidi, misalaba ni mikubwa na michache, imewekwa kifuani pa marehemu. Katika yaliyofuata inakuwa midogo, mingi, inayolingana, imewekwa karibu na mikono au kiunoni. Kitu cha heshima kiligeuka fedha, na walilitambua hilo kwa kupima. Sasa fikiria ukurasa wenu ambapo mgeni anabonyeza mara moja na misalaba yote inajipanga kutoka mkubwa hadi mdogo. Kabati la vioo haliwezi kufanya hivyo. Kanzidata inaweza, kwa sharti kwamba vipimo vimeandikwa kwa namna moja. Kama kadi moja inasema "sm 21", nyingine "0,21 m", nyingine "210 mm", na nyingine "kubwa kidogo", kompyuta haitajua la kufanya. Tengeni namba peke yake kwenye sehemu yake, na kipimo kiwe kimoja kwa vitu vyote. Kwa vitu 64 hiyo ni kazi ya siku mbili au tatu na rula mkononi, na ni siku ambazo hamtajuta. Ila msiseme msalaba wenu ni wa karne fulani kwa sababu tu ya ukubwa wake, kama haukuchimbwa na wanaakiolojia na hauna karatasi. Semeni unafanana na ile.

Turudi kwa mwenzako wa ghala na wezi. Anachoogopa ni halisi, ila mwizi hahitaji tovuti ili kujua kwamba jumba la makumbusho lina vitu vya shaba. Anachohitaji ni chumba na rafu, na hivyo havitoki. Picha nzuri yenye vipimo na alama za pekee za kitu, huo ufa wa mkono wa kushoto kwa mfano, huifanya kazi ya mwizi iwe ngumu, kwa sababu kitu kinachojulikana ni kigumu kukiuza. Ndiyo maana tangu mwaka 1997 kuna kanuni ya kimataifa ya kuelezea kitu ili kitambulike kikiibwa, inayoitwa Object ID, ambayo ICOM, shirika la majumba ya makumbusho duniani, inaitangaza. Mkijaza sehemu hizo kwa vitu vyote 2,300 mtakuwa mmefanya kazi kubwa kuliko tovuti yenyewe. Kumbuka pia kwamba Februari 2022 Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wetu wa wakati huo orodha ya vitu kama 84,000 vya Kongo vilivyoko katika jumba lao la makumbusho la Tervuren. Wenye orodha ndio wanaoanza mazungumzo. Nasi tuwe na yetu, na ionekane.

Kuna hata hivyo mambo ambayo kisanduku chake kinabaki hapana hata kama mkuu atasisitiza. Mabaki ya binadamu na picha zake. Mahali halisi pa makaburi, hata kwa kutaja kijiji: andikeni "bonde la Upemba" na muishie hapo. Picha za zamani za watu waliopimwa vichwa au kupigwa picha bila hiari yao. Na vitu ambavyo ujuzi wake una wenyewe. Lukasa ya Waluba, ule ubao wa shanga ambao wanachama wa mbudye, chama cha watunza kumbukumbu, huusoma kwa vidole na kukumbuka wafalme na safari zao, unaweza kuuonyesha kwa picha, kwani umeonekana katika majumba mengi duniani. Lakini kama mzee amewafasiria ubao wenu shanga kwa shanga, maneno yake yaingie ndani ya kanzidata, na yasitoke mpaka aseme mwenyewe yatoke. Mwulizeni akiwa hai. Andikeni jibu lake, tarehe, na nani alikuwapo.

Picha za kuchora zina shida ya namna nyingine, na nadhani mnazo chache kwenye maonyesho ya shaba, maana wachoraji wa mji huu walichora mgodi sana. Jumba likinunua mchoro limenunua ubao na rangi. Haki ya kuutoa nakala inabaki kwa mchoraji, na akifa kwa warithi wake, chini ya sheria-amri ya tarehe 5 Aprili 1986 ya haki za mtunzi. Mchoraji kama Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi miaka ya 1970, aliwauzia watu picha kwa ajili ya sebule zao. Hakumuuzia mtu ruhusa ya kuzisambaza duniani. Tafuteni familia, pateni karatasi iliyosainiwa, na kama hamjaipata wekeni maelezo bila picha. Mpiga picha wenu wa leo naye asaini, hata kama ni shemeji yako.

Kuhusu picha zenyewe nitakuwa mfupi. Picha kubwa ya asili ikae kwenye diski mbili zilizo majengo mawili tofauti. Inayokwenda kwenye tovuti iwe na pikseli 1,200 hivi upande mrefu, uzito usizidi kilobaiti 300, kwa sababu mgeni wako analipa kila mega. Na kama picha ilipigwa kwa simu, ifutwe habari zilizofichwa ndani yake kabla ya kutoka: simu nyingi huandika humo mahali picha ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache. Msalaba uliopigwa picha nyumbani kwa mtoaji unaweza kumwonyesha mtu nyumba hiyo, hata baada ya ninyi kuficha jina lake kwa uangalifu wote.

Utaniuliza kama mnunue programu mpya. Kama kanzidata mliyo nayo inatoa faili safi, baki nayo. Njia ya faili la kila wiki haina mvuto, lakini inavumilia umeme wetu, inavumilia kijana akipata kazi Kolwezi, na mtu yeyote anaweza kuielewa kwa nusu saa. Udhaifu wake ni kwamba inamtegemea mtu akumbuke. Kama mnaona kazi itakua, kuna programu huria zisizolipiwa leseni. CollectiveAccess imetengenezwa hasa kwa ajili ya mikusanyo: ina upande wa ndani wa watunzaji na upande wa nje wa wageni, na mnachagua nani aone nini. Ni nzito kuifunga, na inahitaji mtu wa seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, atakayeitunza miaka, si wiki. Omeka ni nyepesi na nzuri kwa maonyesho, ila nisingeiweka kuwa kanzidata ya ghala. Mukurtu ilizaliwa Australia, kutokana na kazi na jamii ya Warumungu, na inajua kupanga nani katika jamii aone nini. Kwa vitu kama lukasa ningeitazama kwa makini. Programu isiyolipiwa bado ina gharama: seva, anwani ya tovuti kila mwaka, na muda wa mtu. Mkuu wenu asipoweka fedha ya mwaka wa pili kwenye bajeti, ni afadhali msianze.

Na anwani za kurasa zisimamie namba ya usajili, kwa mfano jina la tovuti kisha /kitu/74-18-6. Msikubali anwani yenye namba ya ndani ya programu, kwa sababu mkibadilisha programu viungo vyote vitakufa, pamoja na vile ambavyo mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, aliviweka kwenye kazi yake ya mwisho. Maonyesho yakifungwa, ukurasa wa kitu ubaki.

Kuna wakati maandishi yangu hayatatosha, na itabidi umwone mtu uso kwa uso. Kama kijana amekwisha kupewa nenosiri, libadilisheni leo, kisha mwite mtu wa kompyuta msiyemfahamu kupitia kijana huyo aje aketi mbele ya mashine yenu aone nani ana ruhusa gani. Kama familia inadai kitu kimoja kati ya vile 64, simamisheni ukurasa wake na mwende kwao, mkuu pamoja nawe, kabla ya kwenda kwa wakili. Na ule unga wa kijani kwenye shaba usiusugue kwa ndimu wala kwa majivu ili upige picha nzuri. Unaweza kuwa ugonjwa wa shaba unaokula kitu kutoka ndani, na unahitaji mtu wa uhifadhi auone kwa macho. Wakati mnamngojea, kitu kitengwe mahali pakavu.

Kesho asubuhi chagua vitu vitano kati ya 64, na kimoja kiwe kigumu, chenye kadi kama ile ya msalaba. Vipitisheni njia nzima: kisanduku, vipimo, maelezo ya Kiswahili, picha, faili, ukurasa. Kisha badilisheni neno moja kwenye kanzidata kwa makusudi, mtoe faili jipya, mwone kama neno hilo limefika kwenye tovuti. Likifika, endeleeni na 59 vilivyobaki. Vile 19 ulivyonakili vitafunikwa na kurasa mpya, na hayo makosa mawili yataondoka pamoja navyo.